Gitaa la Shule: Tulipeleke kwa Fundi au Tulirekebishe Wenyewe?

1. Utangulizi

Gitaa si kitu kigeni tena katika shule zetu za msingi. Pengine lilinunuliwa kwa michango ya wazazi, pengine liliachwa na mwalimu aliyehamishwa, pengine lilitolewa na kwaya iliyopata jipya. Nchi iliyomlea Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, haihitaji kuelezwa thamani ya chombo hiki. Hata hivyo, mwanachuo anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hulikuta gitaa la shule limetundikwa ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu. Nyuzi mbili zimekatika, na zile nne zilizobaki zimeinuka juu mno, hata mtoto hawezi kuzikandamiza kwa kidole. Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya: je, mwalimu alipeleke gitaa kwa fundi, au alirekebishe mwenyewe pamoja na wanafunzi wake?

Majibu mawili husikika vyuoni. Wa kwanza husema: asiyejua asiguse. Wa pili hukumbusha kwamba tangu Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule imetakiwa kufanya kazi zake kwa mikono yake. Kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalomwambia mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi. Jibu la kwanza hulifungia gitaa kabatini. Jibu la pili, kama tutakavyoona, laweza kuliharibu. Madhumuni ya makala haya ni kumpa mwanachuo njia ya kuamua, na kumwonyesha kwamba uamuzi wenyewe ni somo zuri la kufundishia.

2. Kosa tulilolifanya Haneti

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukisimamia wanachuo katika shule moja ya msingi ya Haneti, Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma. Ilikuwa mwezi wa Machi na mvua zilikuwa bado zikinyesha. Shule ilikuwa na gitaa moja la nyuzi za nailoni. Nyuzi zake zilikuwa juu, na msichana mmoja wa Darasa la Sita, ambaye ndiye pekee aliyekuwa amejifunza kulipiga, alikuwa akitoka mazoezini ncha za vidole zikimuuma.

Tulipima. Katikati ya uzi mnene kulikuwa na milimita 5 kutoka kwenye shingo hadi kwenye uzi. Tulijua kwamba kwa gitaa la aina ile milimita 4 zingetosha. Basi tukalegeza nyuzi, tukakitoa kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi upande wa tumbo, tukakipiga tupa chini na kupunguza milimita 2. Tuliporudisha nyuzi, kipimo kikawa milimita 4 kamili. Mtoto alifurahi, wanachuo wakapiga makofi, nasi tukaandika katika taarifa yetu kwamba tumeiokolea shule gharama ya fundi.

Mvua zikakatika. Upepo wa kiangazi ukaanza kuvuma, nyasi zikakauka, na kila kitu cha mbao pale shuleni kikaanza kupungua: milango iliyokuwa ikikwama ikawa inafunguka yenyewe. Ilipofika siku ya mahafali ya Darasa la Saba, msichana yule alisimama mbele ya wazazi, akapiga pigo la kwanza, na gitaa likatoa mlio kama wa nyuki ndani ya chupa. Nyuzi zilikuwa zimeshuka hadi zinagusa vyuma vya shingo. Alijaribu mara ya pili. Kisha akaliweka gitaa chini, na kwaya ikaimba kwa ngoma peke yake. Muhula ule hakuliomba tena.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Sisi ndio tuliochuma, lakini aliyekula ni mtoto aliyefanya mazoezi ya miezi mitano. Kwa sababu hiyo hatuwezi kulichukua jambo hili kuwa dogo. Chombo cha shule kikiharibika, kinachoharibika pamoja nacho ni moyo wa mwanafunzi wa kujaribu.

3. Kwa nini gitaa hubadilika na majira

Ili kuelewa kosa hilo hapana budi kujua sehemu chache za gitaa. Tutatumia majina mepesi ambayo mwalimu anaweza kuyaandika ubaoni. Shingo ni ule mti mrefu unaoshikwa kwa mkono wa kushoto. Vyuma vyembamba vinavyoikata shingo tutaviita freti, kama wapigaji wanavyoviita. Kidaraja cha juu ni kile kipande chenye mifereji sita kilichopo karibu na vikazio vya nyuzi. Kidaraja cha chini ni kile kinachobeba nyuzi juu ya tumbo la gitaa. Kimo cha nyuzi ni nafasi iliyopo baina ya mgongo wa freti ya 12 na upande wa chini wa uzi.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Zinaponywa hutanuka, hasa kwa upana, zinapotoa hunywea. Tumbo la gitaa limetengenezwa kwa ubao mwembamba wa milimita chache tu, kwa hiyo huonyesha badiliko hilo haraka. Wakati wa mvua ubao wa tumbo huvimba na kuinuka kidogo, nao hukiinua kidaraja cha chini, nyuzi hupanda. Wakati wa kiangazi ubao hushuka, nazo nyuzi hushuka pamoja nao. Shingo nayo hunywea kwa upana, na ncha za freti hutokeza pembeni na kukwaruza vidole. Mtu akipitisha kidole pembeni mwa shingo mwezi wa Septemba, atazisikia.

Uwanda wa kati wa nchi yetu una msimu mmoja wa mvua, takriban kutoka Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu na kikavu. Gitaa lililotengenezwa katika nchi yenye hewa ya unyevunyevu hupata taabu zaidi hapa kuliko Tanga au Unguja. Sisi tulilipima gitaa mara moja tu, katika mwezi ambao nyuzi zilikuwa juu kuliko kawaida yake ya mwaka, kisha tukakata. Tupa ilifanya kazi yake vizuri, na hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kipimo cha pili.

4. Funzo kutoka kwa fundi wa zeze

Baada ya mahafali, mwanafunzi mmoja alitwambia kwamba babu yake hutengeneza mazeze. Tulikwenda nyumbani kwake jioni, tukamwamkia kwa desturi ya Wagogo, "Mbukwenyi", naye akatukaribisha tuketi. Alilishika gitaa, akaligeuza, akakitazama kidaraja tulichokikata.

"Mmeukata mguu wake," alisema.

"Ndiyo, babu. Tulidhani ni mrefu."

"Zeze langu nikilikosea nachonga jingine. Mti upo, kibuyu kipo, ngozi ipo. Hili lenu mkilikosea, mtachonga lipi?"

Hakusema kwa kutulaumu. Alichonga kibanzi chembamba cha mti, akakiweka ndani ya mfereji chini ya kidaraja, nasi tukafunga nyuzi tena. Mlio ule wa nyuki ukatoweka. Ilikuwa dawa ya muda tu, kwa maana kibanzi hupunguza nguvu ya sauti, lakini gitaa lilipigika.

Maneno ya mzee huyo yanastahili kuzingatiwa na kila mwalimu. Katika muziki wa Wagogo, mpigaji na fundi mara nyingi ni mtu mmoja. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003 na aliyefanya kazi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alikuwa akitengeneza vyombo vyake mwenyewe. Mpiga ilimba hurekebisha sauti kwa kusogeza vyuma vyake mbele na nyuma, au kwa kubandika nta upande wa chini wa chuma ili sauti ishuke. Nta ikizidi hubanduliwa. Chuma kikisogezwa mno hurudishwa. Kwa hiyo kujitegemea kwao kumejengwa juu ya msingi imara: malighafi ipo karibu, na kosa hurudishwa kwa mkono uleule uliolifanya.

Hapo ndipo penye kanuni tunayopendekeza. Swali la kwanza lisiwe, "Je, tunaweza?" Wala lisiwe, "Je, ni gharama gani?" Swali la kwanza liwe hili: "Tukikosea, tunaweza kulirudisha kosa hilo kwa mikono na vifaa vilivyopo hapa shuleni?" Kama jibu ni ndiyo, tufanye wenyewe pamoja na wanafunzi. Kama jibu ni hapana, tumtafute fundi.

5. Vipimo vinne vya kufanya kabla ya kuamua

Kupima hakuharibu kitu. Kwa hiyo mwalimu apime kila mara, hata kama anakusudia kwenda kwa fundi. Nyuzi ziwe zimekazwa hadi sauti zake za kawaida wakati wa kupima, kwani gitaa lililolegezwa hutoa vipimo vya uongo.

(a) Hali ya nyuzi. Nyuzi zilizopata kutu, au zilizokwaruzika mahali zinapogusa freti, hutoa sauti isiyolingana hata kama gitaa ni zima. Mara nyingi ugonjwa wote ni huu, na tiba yake ni nyuzi mpya.

(b) Unyoofu wa shingo. Kandamiza uzi mnene kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 14 kwa mkono mwingine. Uzi sasa ni rula iliyonyooka. Tazama nafasi iliyopo juu ya freti ya 7. Iwepo nafasi ndogo, kadiri ya robo ya milimita, yaani unene wa kadi. Kama hakuna nafasi kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda kwenda nyuma. Kama kadi tatu zinapita, shingo imepinda kwenda mbele.

(c) Kimo cha nyuzi. Simamisha rula yenye milimita juu ya freti ya 12. Kwa gitaa la nyuzi za nailoni, milimita 4 kwenye uzi mnene na 3 kwenye uzi mwembamba ni kipimo cha kuanzia. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, ni milimita 2 na nusu na milimita 2.

(d) Usahihi wa sauti. Gusa uzi kidogo sana juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, uupige, na usikilize ile sauti nyembamba ya juu. Kisha ukandamize uzi kwenye freti hiyohiyo na uupige. Sauti hizo mbili zapaswa kuwa moja. Kama ile ya kukandamiza iko juu zaidi, sehemu ya uzi inayolia ni fupi mno, au nyuzi zimeinuka mno, au zimechakaa. Programu ya simu ya kupimia sauti yaweza kusaidia, lakini wanafunzi wasikilize kwanza kwa masikio yao, ndipo simu iwe shahidi.

Vipimo hivi viandikwe katika daftari la gitaa, pamoja na tarehe na hali ya hewa. Mwalimu apime mara moja kila mwezi. Daftari la mwaka mmoja lingetuokoa sisi na aibu tuliyoieleza.

6. Kazi zipi ni za shule, na zipi ni za fundi

Kwa kufuata kanuni yetu, kazi zaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kazi za shule. Nazo ni kulinganisha sauti za nyuzi, kubadili nyuzi, kusafisha shingo kwa kitambaa kikavu, kukaza parafujo za vikazio zilizolegea, na kulikinga gitaa na ukavu. Wakati wa kubadili nyuzi, mwanafunzi abadili mmoja mmoja, ili mvuto juu ya gitaa usiondoke wote kwa mara moja. Kuhusu ukavu, kikopo cha plastiki kilichotobolewa matundu, chenye sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, huwekwa ndani ya mfuko wa gitaa wakati wa kiangazi. Maji yasidondoke juu ya mbao. Gitaa lisitundikwe penye jua wala chini ya bati tupu.

Katika fungu hili lipo onyo moja kubwa. Gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisifungwe nyuzi za chuma hata siku moja. Nyuzi sita nyepesi za chuma huvuta kwa jumla ya kilo 70 hivi, lakini za nailoni huvuta kilo 40 hivi. Anayefunga chuma juu ya gitaa la nailoni ni kama anayelitundika mzigo wa nyongeza wa zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Daraja hung'oka na kuondoka na ubao wa tumbo.

Fungu la pili ni kazi za kufanya kwa nakala. Kidaraja cha chini kikiwa kimekaa tu ndani ya mfereji bila gundi, chaweza kutolewa. Shule isikikate kile cha asili. Ikihifadhi kwenye bahasha, kisha ichonge kingine kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa barabara. Mfupa Haneti haununuliwi. Nakala ikikosewa hutupwa, na ile ya asili hurudishwa. Mchongaji afunge kitambaa puani na aulowanishe mfupa, kwa maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Fungu la tatu ni kazi za fundi. Nazo ni kuchimba mifereji ya kidaraja cha juu, kusawazisha freti zilizoliwa, kubandika daraja lililong'oka, kuunganisha shingo au kichwa kilichovunjika, na kuziba ufa katika tumbo. Kazi hizi zote huondoa kitu kisichorudi, au hutia gundi isiyotoka. Tunaingiza humu pia kukaza kile chuma kirefu kinachopita ndani ya shingo za magitaa mengi ya nyuzi za chuma. Fundi hukizungusha robo ya mzunguko tu kwa mara moja na kupima upya. Asiyejua hukikaza hadi kikakatika, na chuma hicho kikikatika shingo nzima imepotea.

Kwenda kwa fundi hakumwondolei mwalimu wajibu wake. Aende na daftari la vipimo. Amweleze fundi kwamba gitaa huishi Haneti na si mjini, na kwamba vipimo vya Machi si vya Septemba. Amwombe aeleze atakata nini kabla hajakata, na amrudishie kila kipande atakachokitoa. Ikiwezekana aende na mwanafunzi mmoja au wawili, ili waione kazi kwa macho. Fedha inayolipwa kwa fundi huku wanafunzi wakitazama imenunua kazi na somo kwa pamoja.

Hivyo ndivyo tulivyofanya hatimaye. Wakati wa likizo gitaa lilipelekwa kwa fundi mmoja Dodoma mjini. Alipolisoma daftari letu fupi, hakutuchongea kidaraja kimoja bali viwili: kirefu cha kiangazi na kifupi cha masika. Kazi ya kuvibadili, Desemba na Mei, alituachia sisi. Ni kazi ya dakika chache, na kosa lake hurudishwa.

7. Namna ya kulifundisha somo hili

Shule yenye gitaa moja na darasa la wanafunzi 60 haiwezi kumpa kila mtoto zamu ya kulishika. Kwa hiyo tunapendekeza gitaa la ubao, ambalo kila kundi litajitengenezea. Somo ni la Darasa la Sita, vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80.

Vifaa kwa kila kundi: ubao wa sentimita 80, misumari miwili, mshipi wa kuvulia samaki, vijiti viwili vya urefu sawa, kijiti cha tatu kifupi kidogo, na rula.

Hatua ya kwanza (dakika 15). Mwalimu aonyeshe gitaa lenye kasoro na kulipiga. Asiseme kasoro ni nini. Awaulize wanafunzi: "Mnasikia nini? Mngefanya nini?" Majibu yote yaandikwe ubaoni, yakiwemo yale yasiyofaa.

Hatua ya pili (dakika 25). Kila kundi lifunge mshipi baina ya misumari, liuinue kwa vijiti viwili vilivyoachana sentimita 65, na kuupiga. Kisha kijiti cha tatu kiwekwe katikati, kwenye sentimita 32 na nusu. Wanafunzi watasikia kwamba nusu ya uzi hutoa do ya juu. Kikiwekwa mahali panapobakiza theluthi mbili za uzi, kama sentimita 43, watasikia so. Hapo waelezwe kwamba uzi mnene wa gitaa hutetemeka mara 82 kwa sekunde na uzi mwembamba mara 330, yaani takriban mara nne, ambazo ni do mbili za juu.

Hatua ya tatu (dakika 20). Wanafunzi wapime nafasi kutoka ubaoni hadi kwenye mshipi, katikati ya urefu wake. Waongeze kadi chini ya kijiti kimoja tu hadi kiinuke milimita 4, wapime tena pale katikati. Wataona kwamba kimo cha katikati kimeongezeka milimita 2. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo anayetaka kushusha kimo kwa milimita 1 hupunguza kidaraja kwa milimita 2. Wafanye mifano mitatu daftarini.

Hatua ya nne (dakika 20). Warudi kwenye majibu ya ubaoni. Kwa kila pendekezo waulizwe: "Tukikosea, tutaweza kulirudisha?" Wayagawe katika mafungu matatu, kisha darasa liamue kuhusu gitaa lao na kuandika sababu. Mwalimu asiharakishe hatua hii. Wanafunzi wakibishana juu ya pendekezo moja kwa dakika kumi, hizo si dakika zilizopotea.

Tathmini isiwe ya kukariri majina ya sehemu za gitaa. Mwalimu awape kasoro mpya, mathalani mkoba ulioraruka, baiskeli iliyotoboka gurudumu, au redio iliyonyamaza, na kuwataka waamue kwa kanuni ileile. Atakayeweza kueleza kwa nini gurudumu huzibwa nyumbani lakini redio hupelekwa kwa fundi, huyo amelielewa somo.

8. Hitimisho

Ndugu mwanachuo, utakapoikuta kazi ya namna hii shuleni kwako, usione haya kumwendea fundi, wala usiogope kushika bisibisi. Pima kwanza, andika, ngoja majira yapite ikiwezekana, kisha uliza kama kosa laweza kurudishwa. Pale linaporudishwa, wape wanafunzi kazi hiyo, na uwaache wakosee mbele yako. Pale lisiporudishwa, usiwatoze wao gharama ya ujasiri wako.

Msichana yule alilishika gitaa tena Januari iliyofuata, akiwa Darasa la Saba. Kabla hajapiga alichukua rula na kupima kimo cha nyuzi. Akaandika katika daftari: milimita 4. Ndipo akaanza.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Kimo cha nyuzi za gitaa la nailoni ni milimita 5 na nusu mwezi wa Februari. Eleza kwa nini si vyema kupunguza kidaraja siku hiyohiyo, na utaje hatua mbili ambazo ungezichukua badala yake.

2. Chagua chombo kimoja cha muziki wa asili cha mahali unapotoka. Orodhesha marekebisho ambayo mpigaji huyafanya mwenyewe, na ueleze kwa kila moja kama kosa lake hurudishwa.

3. Andaa somo la dakika 40 la Darasa la Tano la kutumia daftari la vipimo vya gitaa kuchora grafu ya miezi 12. Eleza ni swali gani utakalowauliza wanafunzi kuhusu mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba.

4. Mwalimu mkuu anakuambia: "Fedha za fundi hazipo, likate tu." Andika majibu yako kwa heshima na kwa hoja, katika mistari isiyozidi kumi.